Bibi amesahau jina langu: kumsahihisha, kumfuata au kukaa naye tu?

"Bibi, huyu nani?"

Kila nikifika Muheza, mkoani Tanga, swali hilo hunitangulia. Sijatua begi, jirani aliyekuja kuomba chumvi ameshanisimamisha mbele ya kiti cha Bibi na kuninyooshea kidole. Bibi hunitazama usoni, halafu hutazama viatu vyangu, halafu hutabasamu: "Nitamsahauje huyu!" Watu hucheka, mtihani umepita. Mimi niliye karibu naye naona vidole vyake vinavyofinya pindo la kanga. Hajui mimi ni nani. Amejibu kiungwana, kama mtu aliyelelewa asimwaibishe mgeni, na sasa anasubiri atokee wa kumwokoa.

Ni mwaka wa nne tangu kusahau kwake kuonekana wazi, na tangu hapo nakwenda kila baada ya miezi miwili hivi, kwa basi la alfajiri kutoka Mbezi, Dar es Salaam. Nimejaribu karibu kila njia niliyoelekezwa na ndugu, wauguzi na watu wanaouguza wazazi wao. Nyingine zilimliza. Nitazipambanisha hapa, ili anayejiandaa kwenda kumwona mama, babu au shangazi aliyefika hapo ajue ashike ipi.

Kwanza, isiwe "uzee tu"

Kwetu mzee akirudia swali lilelile mara sita tunasema amerudi utotoni, yamekwisha. Kwingine husemwa mabaya zaidi, na bibi wa watu akaitwa mchawi kwa kukutwa usiku akizunguka uani kwa jirani. Hospitalini wanaiita dimenshia, na Alzheimer ndiyo aina yake inayowapata wengi zaidi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 wanayo. Kwa hiyo si balaa la ukoo wenu peke yenu.

Nayataja haya kwa sababu njia zote nitakazozieleza ni za mtu ambaye ameshapimwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, dawa zinazogongana, hata masikio yaliyoziba, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amesahau, na vingi vinatibika. Na kama jana alizungumza vizuri, leo hajui hata yupo wapi, usikae kuchagua njia ya mazungumzo. Mpeleke akapimwe malaria na mkojo, waangalie kama amekaukiwa maji. Mzee anayechanganyikiwa ghafla mara nyingi ana ugonjwa mwilini.

Sikio la Bibi linalosikia ni la kushoto. Ilinichukua ziara tatu kujua nikae upande gani.

Kumsahihisha, kumfuata, kumdanganya

Jioni moja Bibi aliomba kanga yake ya kutokea. Alitaka kwenda kwa mama yake, giza lisije likamkuta njiani. Mama yake alizikwa kabla mimi sijazaliwa.

Mjomba alichagua kumsahihisha. "Mama, bibi alishafariki. Zamani sana. Wewe mwenyewe ulikuwepo." Aliyasema kwa upole, na hakukosea hata neno moja. Bibi akaweka mikono kichwani akalia kilio cha msiba wa leo, cha mtu aliyeletewa habari mlangoni. Akauliza kwa nini hakuitwa mazikoni. Baada ya kama nusu saa habari ile ilikuwa imemtoka, akaomba kanga tena. Mjomba akanitazama. Hakurudia.

Lakini kumsahihisha hakukubuniwa na mjomba. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Topeka, Kansas, daktari James Folsom alianzisha mpango wa kuwakumbusha wagonjwa mchana kutwa: leo siku gani, mwezi gani, hapa wapi, mimi nani. Vibao vya tarehe vikatundikwa ukutani, na njia ikaenea hadi nje ya Marekani. Nayo ina mahali pake. Miaka miwili ya mwanzo Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza, "Leo Ijumaa?" kwa kuwa Ijumaa hufukiza udi. Anayeuliza anataka jibu, mpe. Kalenda kubwa ya dukani, saa yenye tarakimu nene na adhana ya msikiti wa jirani vilimsaidia kuliko sisi tulivyomsaidia. Mtu aliye mwanzoni, ambaye bado anajua kwamba anasahau, ukimzungusha unamdharau, naye anaona. Na kwenye hatari hakuna mjadala: akitaka kumeza vidonge vya presha mara ya pili, humfuati alikofika, unaviondoa.

Kumfuata ndiko kulikonibadilisha mimi. Naomi Feil alikulia ndani ya nyumba ya wazee huko Cleveland, Ohio, baba yake akiwa ndiye mwendeshaji. Mwaka 1963 alianza kazi na wazee waliochanganyikiwa, kwa kuwarudisha kwenye hali halisi kama ilivyokuwa desturi, akaona kwamba waliozama zaidi wakisahihishwa hujifungia au hukasirika. Akaacha. Akaanza kuwafuata walikokuwa, akisikiliza wanachokitaka nyuma ya wanachokisema. Mzee anayemuulizia mama yake pengine anaogopa giza, au ana njaa, au amekaa peke yake tangu asubuhi.

Kiswahili kimetusaidia hapa bila sisi kukiomba, maana kwetu neno la kutosahau ndilo hilohilo la kutamani kumwona mtu. Mara iliyofuata alipoomba kanga nilikaa mkekani, upande wa kushoto, nikamwambia, "Umemkumbuka mama." Si swali.

"Nimemkumbuka," akasema, mabega yakashuka.

"Jioni kama hii angekuwa anapika nini?"

"Kisamvu. Cha nazi." Akanieleza kinavyotwangwa, na kwamba mama yake alikuwa akitia kidole kinuni kupima kama kimelainika, na kama bado alikuwa akikurudishia mchi bila kusema neno. Dakika ishirini hivi. Kanga ya kutokea haikutajwa tena. Sikumwambia kwamba mama yake yu hai, wala sikumwambia kwamba amekufa.

Kumdanganya ni kitu kingine, ingawa wengi huchanganya viwili hivi. Dada yangu humwambia, "Mama yako anakuja kesho." Ni dawa ya haraka na humtuliza papo hapo. Taabu yake ni kwamba baadhi ya maneno hunasa usipotegemea. Kuna siku alikaa barazani toka asubuhi akimngoja mgeni asiyemkumbuka ni nani, hakutaka kula kabla mgeni hajafika. Tena nyumba nzima inabidi ikariri uongo mmoja, watoto nao wanakusikia. Mimi nimeutumia mara mbili, zote usiku, mvua inanyesha na yeye ameshika komeo la mlango. Sijutii, ila siuchukui kama njia ya kila siku.

Kwa hiyo, aliye mwanzoni na anayeuliza mwenyewe, mweleze ukweli kwa maneno machache. Aliyekwisha kuhamia miaka ya nyuma, mfuate huko. Uongo uuweke kama unavyoweka mwavuli nyuma ya mlango.

"Unakumbuka?" au "Nakumbuka"

Hapa sina mizani ya kusawazisha, maswali ya kumbukumbu yanashindwa moja kwa moja. "Jana ulikula nini?" "Nani alikuja Jumapili?" "Mimi nani?" Kila moja ni mlango uliofungwa unaomwomba mtu asiye na ufunguo aufungue mbele za watu.

Kauli inatoa kile ambacho swali linadai. Sasa huingia hivi, hata kama jirani ameshaanza mtihani wake: "Shikamoo Bibi. Mimi mjukuu wako, mtoto wa binti yako wa tatu, nimetoka Dar." Na "Marahaba" huja yenyewe, haitafutwi, hata siku ambayo maneno mengine yote yamegoma. Salamu aliyoitikia maelfu ya mara tangu alipoanza kusalimiwa na walio wadogo kwake imekaa mahali ambapo jina langu halikuwahi kufika. Mara nyingine huongeza, "Kumbe mume wangu!" kwa utani ule wa bibi na mjukuu, nami najibu kwamba nimeleta matumizi. Zamani nilijua ni utani. Siku hizi sijui kama anatania au ananiona Babu, na nimeacha kuchunguza, kwa kuwa jibu langu linafaa pande zote mbili.

Ukilazimika kuuliza, uliza kitu kilicho mbele ya macho yake: mkono mmoja tangawizi, mkono mwingine mchaichai, achague chai.

Picha au mikono

Ziara za mwanzo nilikwenda na simu imejaa picha: harusi ya dada, mahafali yangu, watoto wa Dar. Alizitazama kama mtu anayeonyeshwa ardhi asiyokusudia kuinunua. Kumbukumbu za karibuni ndizo hutoka kwanza. Ambazo hudumu zaidi, hata kwa wazee wasio na ugonjwa wowote, ni za umri wa miaka kama 10 hadi 30. Fanya hesabu kabla ya kufunga begi: aliyezaliwa mwaka 1942 unamtafutia ya kati ya 1952 na 1972. Kwa Tanga hiyo ni mashamba ya mkonge, garimoshi la kwenda Moshi, bendera ya Uhuru mwaka 1961, taarabu ya kikundi cha Black Star ilipokuwa mpya. Mahafali yako hayamo.

Picha iliyofanya kazi ilitoka kwenye sanduku la mama mkubwa, nyeusi na nyeupe, ya studio, msichana amesimama kando ya kiti chenye maua ya plastiki. Bibi hakusema "huyu mimi". Alisema, "Viatu hivi vya kuazima." Tukapata hadithi nzima ya viatu, mwenye viatu, na ugomvi uliotokea kwa sababu vilirudi vina vumbi. Mimi sijui kama ilikuwa kweli na sikuona haja ya kuuliza. Daktari Robert Butler wa Marekani aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kurudia maisha yake ya nyuma si kupungukiwa akili, ni kazi inayomfaa. Kabla ya hapo wengi waliona ni porojo za kukatishwa.

Lakini picha zinahitaji maneno, na maneno ya Bibi yanapungua. Siku nyingine huingia Kibondei katikati ya sentensi, lugha yake ya kwanza, ambayo mimi naisikia kwa shida. Hapo ndipo mikono inaposhinda.

Muheza ni nchi ya machungwa. Nilinunua ya shilingi elfu mbili kituoni, nikayamwaga kwenye ungo mbele yake na kuanza kumenya vibaya, kama mtu wa mjini. Alivumilia chungwa moja. La pili aliniondolea mkononi pamoja na kisu (kisu kidogo butu, mama mkubwa alishaviondoa vikali), akazungusha, ganda likashuka utepe mmoja mwembamba bila kukatika, ule weupe wa ndani ukabaki sawia pande zote. Yule asiyejua leo ni mwaka gani. Ustadi wa mikono hukaa sehemu nyingine ya ubongo, mbali na ile inayotunza majina na habari za jana, na Alzheimer hukawia kuufikia. Harufu ya ganda ikajaa baraza, akaanza kucheka peke yake, sikujua anacheka nini.

Kazi nyingine tulizoziona zinafaa: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kukunja nguo, kusuka ukili. Akisuka ukili hatazami hata mikono. Mama mkubwa ana kilo mbili za mchele ambazo huchambuliwa, hurudishwa mfukoni kimyakimya, kesho zinachambuliwa tena. Nilipomuuliza kama huko si kumdanganya alinijibu kwamba hata mchele wa dukani haujawahi kuisha mawe. Mbuzi ya nazi tuliifungia stoo baada ya kidole kukatwa.

Ipo pia njia ya vikundi, wazee wachache wanaokutana na mwongozaji kwa vipindi 14 katika wiki 7, wakizungumzia vitu walivyovizoea na kuvishika mikononi. Ilitungwa Uingereza, na ikarekebishwa na kujaribiwa hukohuko Hai. Kama ipo karibu nanyi ifuateni. Sisi tuna baraza na ungo.

Chagua picha kama bado anapenda kusimulia. Chagua mikono kama maneno yamepungua, au kama wewe mwenyewe ni wa kukosa la kusema. Wanaume wengi tunakwepa kwenda kwa sababu hiyo ya pili. Kumbe unaweza kumenya machungwa saa nzima usiongee, na ziara ikawa ziara.

Redio au sauti yako

Taarabu ya zamani kwenye simu humfanya apige kidole juu ya goti, na mara mbili tatu amemalizia ubeti kabla ya mwimbaji. Ila spika ya simu ina kelele nyembamba inayomchosha haraka. Dua ni nguvu zaidi. Nikianza "Alhamdu" polepole yeye huichukua na kuifikisha mwisho, na mimi nikikosea hunirudisha. Kwa bibi wa Kikristo itakuwa tenzi za kanisani, mambo ni yaleyale. Kilichorudiwa tangu utotoni kwa sauti na pumzi hubaki muda mrefu sana. Kati ya hizo mbili nachagua sauti yangu mbaya, kwa sababu naweza kuipunguza mwendo akichoka, na kwa sababu televisheni lazima izimwe kwanza.

Wengi au mmoja, asubuhi au jioni

Mmoja, asubuhi. Siku ya Idi walikuja watu kumi na wanne na wote walimpa mkono, saa nane mchana akawa amejifungia chumbani analia. Jioni jua linapozama wagonjwa wengi huhangaika zaidi, hutaka kurudi nyumbani wakiwa nyumbani. Basi la alfajiri linakufikisha saa nne, amekwisha kunywa chai. Mkiwa wengi, ingieni kwa zamu, wengine wakae uani.

Simu ya video

Binamu yangu yuko Muscat, hupiga kila Ijumaa. Bibi huishika simu, huona uso, halafu huigeuza kutazama nyuma ni nani amejificha. Mwanzo tulicheka, binamu akaumia. Sasa mama mkubwa hukaa naye, hushika simu mwenyewe, na binamu hapigi kwa ajili ya kuongea, huwasha udi kule na wao wanawasha huku, dakika tano zinatosha. Kama uko mbali, kumtumia sauti iliyorekodiwa ni bora kuliko video ikiwa picha inamtisha: itapigwa tena na tena, na kila mara kwake ni mpya. Lakini ikiwa unaweza kupanda basi, panda.

Kuaga au kutoroka

Mjomba aliniambia siku moja, "Nauli unaitupa. Ukitoka getini hajui kama ulikuja." Ni kweli kwamba hajui. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye baadhi hawakuweza kueleza chochote walichokiona, mmoja hakukumbuka kabisa kwamba aliona filamu, lakini huzuni au furaha ile ilikuwa bado imo ndani yao. Mama mkubwa hakuhitaji Iowa. Yeye husema siku ya machungwa Bibi hulala bila kuamka kutafuta mlango.

Ndiyo maana namna ya kuondoka ni muhimu kama ya kuingia, kwa kuwa itakayobaki naye ni hali uliyomwacha nayo. Kuna wanaotoroka akiwa chooni. Humwepusha na kilio, ila nimemwona akizunguka vyumba akitafuta mtu ambaye hana hata jina la kumwitia. Kuna wanaoaga rasmi, begi begani, mstari wa kukumbatiana, "tutaonana Mungu akipenda". Hiyo humwambia kwamba kuna msiba. Mimi begi hulitoa nje mapema, nampa kazi mkononi, mama mkubwa akiwa ameshakaa mahali pangu, halafu nasema tu, "Bibi, natoka."

Mara ya mwisho alikuwa na chungwa nusu limemenywa. Akanitazama viatu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wako, Bibi."

Akanipa lile chungwa. "Basi nenda mapema, giza lisikukute njiani."